Shajara ya mradi wa ankara: wiki 16 za kuhama bila kukata njia ya kurudi

Kazi: kuhamisha ukokotoaji wa ankara kutoka mfumo wa zamani kwenda injini mpya (njia A), pamoja na jaribio dogo la kutabiri wateja watakaochelewa kulipa (njia B). Watu: wahandisi 6, mkuu wa teknolojia akiwa mwenye dhamana, na mtu mmoja wa idara ya fedha. Shajara hujazwa kila Ijumaa. Wiki ambazo hazikuleta jipya zimeunganishwa.

Wiki ya 1

Pendekezo la kuuondoa mfumo huu lilishaandikwa mara 3, na mara zote 3 likarudi kabatini. Kiufundi halikuwa na kasoro kubwa. Lililolikwamisha ni hesabu ambayo kila kiongozi wa teknolojia huipiga kimyakimya: mfumo wa zamani ukianguka, lawama hugawanywa kwa wote waliowahi kuugusa, mpya ukianguka, lawama zina jina moja. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na makadirio yao ya mwaka 1992 yaliuweka uwiano huo kuwa zaidi kidogo ya mara 2. Ongeza hapo kwamba faida ya mradi huingia kwenye hesabu za kampuni, ilhali hasara huingia kwenye wasifu wa mtu mmoja. Anayesita hapo hajapotea hesabu. Kumwambia awe jasiri hakubadilishi tarakimu hata moja. Zinazoweza kubadilishwa ni ukubwa wa hasara, muda wa kuifuta, na idadi ya sahihi zilizo chini ya uamuzi.

Kwa hiyo wiki nzima imepita bila mstari wa msimbo. Timu imeorodhesha maamuzi yote yanayoonekana mbele, yakafika 23, na kila moja likaulizwa swali hilihili: tukigundua kosa saa nane mchana, saa kumi tutakuwa tumerudi tulipokuwa? Maamuzi 19 yamejibiwa ndiyo. Manne yamekataa:

- kubadili muundo wa namba za ankara, kwa kuwa wateja tayari wanazo kwenye vitabu vyao;
- kufuta data ya mfumo wa zamani;
- kusaini mkataba wa miaka 3 na mtoa huduma wa seva;
- kuwaondoa wahandisi 2 pekee wanaouelewa mfumo wa zamani.

Hilo la mwisho nusura lisiandikwe. Kwenye orodha za namna hii watu huhesabiwa kama gharama, na pengo lao huonekana siku mfumo wa zamani unapohitajika tena na hakuna anayejua faili lipi linasomwa kabla ya lipi.

Utaratibu tangu sasa: yale 19 huamuliwa na mhandisi pamoja na kiongozi wa zamu, siku hiyohiyo, bila kikao. Yale 4 huenda kamati. Tayari watu wawili wamejaribu kupeleka kamati jambo dogo (jina la jedwali) ili mkubwa aweke sahihi. Limerudishwa. Kamati ikianza kuidhinisha majina ya majedwali, siku ya jambo zito itasaini kwa mazoea.

Kuna methali isemayo maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwa mradi wa programu huo ni ushauri mbovu. Ukiyagusa kwa kidole ukayakuta yanaunguza, vaa nguo urudi.

Wiki ya 2

Mambo mawili: hati ya uamuzi, na kikao cha kuuzika mradi kabla haujafa.

Hati ya uamuzi ni ukurasa mmoja. Mtindo huu ulienezwa na Michael Nygard mwaka 2011 na una vichwa vichache: hali ilivyo, uamuzi, matokeo yanayotarajiwa. Hapa vimeongezwa vitatu: "tunachokijua leo", "tusichokijua leo" na "dalili ya kusimama". Sababu ni kwamba mambo yakiharibika, kila mtu hukumbuka kana kwamba ishara zilikuwa wazi tangu mwanzo. Hati iliyoandikwa kabla ya tukio, yenye tarehe na sahihi, ndiyo pekee inayoonyesha kiongozi alikuwa na taarifa gani mkononi alipoamua. Mfano ni huu, Hati namba 7, kama ilivyo:

"Hali: idara ya fedha inataka mfumo wote uhame kabla ya kufunga mwaka. Uamuzi: tunahama kwa hatua 5 (asilimia 1, 5, 20, 50, 100 ya wateja), na hakuna hatua itakayorukwa. Tunachokijua: zoezi la kurudi nyuma halijafanyika hata mara moja. Tusichokijua: tabia ya injini mpya siku ya mwisho wa mwezi. Dalili ya kusimama: hatua yoyote ikivuka kikomo cha makosa, tunarudi hatua iliyotangulia. Athari ya kukubaliwa: huenda tukafunga mwaka tukiwa na mifumo miwili. Sahihi: mkuu wa teknolojia, mkurugenzi wa fedha."

Sahihi ya pili ndiyo yenye kazi. Hati yenye sahihi ya mkuu wa teknolojia peke yake ni ungamo lililoandikwa mapema.

Kikao cha mazishi kilifuata mbinu ambayo Gary Klein aliieleza mwaka 2007. Washiriki wanaambiwa: miezi 6 imepita, mradi umekufa, andika umekufa kwa nini. Dakika 10 za kuandika kimya, kadi moja kwa kila sababu, kisha kusoma, kisha kupanga. Mara ya kwanza tumekosea. Mkuu wa teknolojia alikaa kichwani pa meza na kadi ziliandikwa kwa mkono, hivyo zote 31 zikawa za kiufundi: seva, foleni, kasi ya hifadhidata. Hakuna hata moja iliyogusa uongozi. Kesho yake zoezi limerudiwa, safari hii kadi zikachapwa bila majina na kusomwa na mtu wa fedha. Zikatoka nyingine kabisa: "Mlezi wa mradi alihamishwa na aliyekuja hakuutaka." "Tuliongezewa kazi katikati." "Tuliambiwa tarehe haisogei." "Kila mtu alijua jaribio la mzigo limefeli, hakuna aliyesema." Kadi hizo nne zimefanyiwa kazi kabla ya zote: mradi una walezi 2 badala ya mmoja, na maombi mapya yote yanaingia kwenye orodha ya baada ya wiki ya 16.

Kikao kilipofungwa, bodi ilitumiwa ukurasa mmoja kuhusu benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 benki hiyo ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya kwa mkupuo, ndani ya wikendi moja, na wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huohuo. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza benki pauni milioni 48.65, na Aprili 2023 aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia ya habari akatozwa yeye binafsi pauni 81,620. Bodi nyingi husoma kisa hicho kama onyo dhidi ya kubadili mifumo. Ukiisoma adhabu ya mtu huyo kwa makini unakuta imejikita kwingine: hakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba mtoa huduma aliyepewa kazi yuko tayari kweli. Yaani kilichopimwa ni uthibitisho alioutafuta kabla ya kuruhusu. Katika mradi huu, neno "tuko tayari" la mtoa huduma yeyote halipokelewi bila matokeo ya jaribio yaliyoambatishwa.

Wiki ya 3

Vizingiti vya kusimama. Hivi huandikwa mapema, wakati hakuna aliyeupenda mradi bado. Barry Staw alionyesha mwaka 1976 kwamba watu waliofanya wenyewe uamuzi uliokwenda vibaya huelekeza fedha nyingi zaidi kwenye uamuzi huohuo kuliko watu ambao hawakuhusika nao. Kwa hiyo anayesoma kipimo hawezi kuwa yuleyule aliyebuni wazo.

Rasimu ya kwanza ya kizingiti cha njia B ilisema: "Tutasimama iwapo matokeo hayataridhisha." Imetupwa. Iliyokubaliwa ni hii: baada ya wiki 8 za kazi, orodha ya wateja 500 wanaotabiriwa kuchelewa iwe sahihi kuliko kanuni ya kawaida (aliyechelewa mwezi uliopita atachelewa tena) kwa pointi 5 za asilimia au zaidi. Data ya kupimia imetengwa leo na timu ya B haina ruhusa ya kuifungua. Msomaji wa kipimo ni mtu wa fedha. Hakuna nyongeza ya muda. Saa za kazi za njia B hazizidi asilimia 10 ya saa za timu, ili ikifa, isife na kitu kingine.

Umuhimu wa kulinganisha na kanuni ya kawaida husahaulika mara nyingi. Usahihi wa asilimia 80 unapendeza kwenye slaidi hadi mtu aulize kanuni ya mstari mmoja inapata ngapi.

Wiki ya 4 hadi ya 7

Kukokotoa kivulini. Injini mpya inapokea nakala ya kila ingizo, inakokotoa, inaandika kando, na hakuna mteja anayeona kitu. Kila asubuhi programu inalinganisha matokeo ya mifumo miwili, ankara kwa ankara, mstari kwa mstari. Wiki ya 4 ankara zenye tofauti zilikuwa asilimia 1.8. Tofauti zote zimetokana na mambo matatu.

Kwanza, kukadiria senti. Mfumo wa zamani hukadiria kila mstari kisha hujumlisha. Injini mpya ilijumlisha kisha ikakadiria. Mistari 3 ya 10.005 kila mmoja: wa zamani unapata 10.01 mara 3, jumla 30.03, mpya unapata 30.015, inayokuwa 30.02. Senti moja, kila usiku, kwa maelfu ya wateja. Kibaya zaidi, mahali pamoja injini mpya ilitumia namba za nukta inayoelea, ambazo haziwezi kuishika 10.005 kwa ukamilifu, hivyo jibu likategemea upande ambao mashine iliukosea. Fedha zote sasa zinatumia aina ya desimali.

Pili, tarehe. Mkataba ulioanza tarehe 31 Januari ukiongezewa mwezi unakuwa tarehe 28 Februari. Mfumo wa zamani ukishafika 28 hubaki 28 milele, ilhali injini mpya ilirudi tarehe 31 Machi. Kwa akili ya kawaida mpya ndiyo sahihi. Hata hivyo uamuzi ni kuiga kosa la zamani hadi uhamaji uishe, kwa sababu ukibadili mfumo na kanuni kwa pamoja, tofauti inayofuata huwezi kujua imezaliwa na nini. Wahandisi wawili hawakulipenda hili, na ubishi wao umeingizwa kwenye Hati namba 11.

Tatu, msimbo mfu. Kulikuwa na punguzo lililofutwa zamani, lakini swichi yake (alama ndani ya programu inayowasha au kuzima kazi fulani) bado ilikuwa wazi kwa akaunti moja. Akaunti moja haitishi. Kinachotisha ni swichi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye seva 7 kati ya 8. Programu hiyo ilitumia tena swichi ya kazi iliyoachwa miaka mingi nyuma, hivyo seva ya 8 ilipowashiwa swichi, ikaamsha msimbo wa kale. Ndani ya dakika 45 hivi, hasara ikapita dola milioni 440. Kanuni mbili zimeingia siku hiyohiyo: jina la swichi halitumiki mara ya pili hata kama la kwanza limekufa, na kila uwekaji unaishia kwa kuhesabu seva na kulinganisha alama ya toleo la kila moja. Idadi isipolingana, uwekaji unajifuta.

Wiki ya 7 inaisha tofauti zikiwa asilimia 0.03, na kila moja ina maelezo.

Ripoti kwa wakubwa nayo imebadilishwa wiki ya 5. Ile ya rangi (kijani, njano, nyekundu) ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite: kila msimamizi aliipaka kijani kidogo zaidi ya alivyoletewa, mpaka ikifika juu mradi unang'aa. Sasa zinapelekwa namba tatu pekee: tofauti zisizo na maelezo, muda wa kurudi nyuma uliopimwa, na maamuzi yasiyorudishika yaliyobaki. Namba ya pili ilisomeka "haijapimwa" kwa wiki 3 mfululizo. Haikupendeza. Ndiyo iliyofanya zoezi la wiki ya 8 lipewe muda.

Wiki ya 8

Zoezi la kurudi nyuma. Mpango ulisema dakika 15. Zoezi la kwanza limechukua saa 1 na dakika 52.

Swichi yenyewe iligeuzwa kwa dakika 2. Muda uliobaki umeliwa hivi: ankara zilizokuwa kwenye foleni (mahali ujumbe unaposubiri kushughulikiwa) zilishaandikwa kwa muundo mpya, na mfumo wa zamani haukuweza kuzisoma, mwenye ruhusa ya kuendesha hatua ya 4 alikuwa likizo, na bekapu iliporejeshwa, kihesabio cha namba za ankara kikarudi nyuma na kuanza kutoa namba zilizokwisha kutumika. Hilo la tatu lingetokea kweli, wateja wangepokea ankara mbili tofauti zenye namba moja, na namba za ankara ni miongoni mwa yale manne yasiyorudishika. Uamuzi uliodhaniwa unarudishika ulikuwa umefungwa kamba kwa usiorudishika, na kwenye karatasi kamba hiyo haikuonekana.

Marekebisho: foleni inaandika miundo yote miwili hadi wiki ya 16, kihesabio kinaruka mbele kwa 10,000 kila bekapu inaporejeshwa, ruhusa ziko kwa watu 2 katika kila zamu, hatua zote zimeandikwa katika ukurasa mmoja, amri zikiwa tayari kunakiliwa.

Zoezi la pili: dakika 21. La tatu limefanywa na mhandisi ambaye hakuuandika ukurasa huo wala hakuwahi kuuona: dakika 14. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoripotiwa.

Aliyeona saa 1 na dakika 52 kuwa aibu akumbuke GitLab, kampuni ya kuwahifadhia wahandisi msimbo wao, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, na walipogeukia njia zao 5 za bekapu na kunakili data, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala ya saa 6 nyuma, iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine. Walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua, huku uokoaji ukiendelea.

Wiki ya 9

Asilimia 1 imefunguliwa. Haikuchaguliwa kwa kura. Zimeanza akaunti za ndani, zikafuata za wateja wenye ankara fupi, mkataba mmoja, sarafu moja. Wateja wakubwa wako mwisho. Ubaya wake unafahamika: wateja rahisi huficha makosa magumu, kwa hiyo asilimia 1 safi haithibitishi mengi zaidi ya kwamba mabomba yameungwa.

Vikomo vya swichi kujirudisha yenyewe, bila kumuuliza mtu: makosa yakizidi asilimia 0.1 ya ankara za usiku huo, jumla ya fedha ikitofautiana na ya kivulini kwa zaidi ya asilimia 0.5, au hati yoyote ikitoka mara mbili. Kwa nini ijirudishe? Kwa sababu usiku wa manane mwenye zamu atasubiri dakika 40 kabla ya kumwamsha mkubwa, akitumaini tatizo litajiondokea. Swichi haina haya.

Bajeti ya makosa nayo imesainiwa. Ahadi kwa wateja ni huduma kupatikana kwa asilimia 99.9. Ndani ya siku 30 hiyo inaacha dakika 43.2 za kukosekana. Dakika hizo ni za kutumiwa: zikiwepo, timu inaweka matoleo mapya kila siku, zikiisha, hakuna kipya hadi mwezi upite. Swali la "hili si hatari?" sasa linajibiwa kwa kuangalia salio.

Wiki ya 10

Asilimia 5, usiku wa pili. Swichi imejirudisha saa 8:40 usiku. Hati 37 za kuwapunguzia wateja deni zimetolewa mara mbili. Kurudi nyuma kumechukua dakika 16. Hati zilizozidi zimefutwa kabla ya saa tatu asubuhi, na wateja 9 waliokwisha kupokea barua pepe wameandikiwa.

Chanzo: foleni hutuma ujumbe upya ikiwa haijapata jibu ndani ya sekunde 30. Injini mpya ilichukua sekunde 34 kwa hati ndefu, hivyo ujumbe uleule ukaja tena, ikaukubali kama mpya. Dawa ni kuhifadhi namba ya kipekee ya kila ujumbe na kukataa inayojirudia. Kuongeza muda wa foleni hadi sekunde 60 kulipendekezwa na kukakataliwa, maana kungeliahirisha kosa hadi hati ndefu zaidi.

Taarifa kwa wakubwa imetoka kwa mkuu wa teknolojia mwenyewe, saa 12:30 asubuhi, ikiwa na sentensi 4: kilichotokea, walioathirika, hali ya sasa, saa ya taarifa ijayo. Hakuna utetezi na hakuna ahadi ya kwamba halitatokea tena. Mkurugenzi akilisikia jambo la namna hii barazani kabla hajaambiwa na mhusika, hati za uamuzi zote 20 hazitamsaidia mtu.

Ripoti ya tukio imeandikwa bila jina la mtu. Rasimu ilisema "mhandisi alisahau kuweka kinga". Imekuwa "injini ilipokea ujumbe uleule mara 2 kwa kuwa hakuna mahali namba yake ilipohakikiwa, orodha ya mapitio haikuwa na swali hilo". Sentensi ya kwanza huishia kwa mtu kuonywa. Ya pili imezaa mstari mpya kwenye orodha ya mapitio. Mwiko ni mmoja: anayeficha tukio hakingwi na utaratibu huu.

Taarifa za "nusura tuharibu" zimetoka 2 kwa wiki hadi 7. Mjumbe mmoja wa kamati ameuliza kama ubora umeshuka. Amejibiwa kwa utafiti wa Amy Edmondson wa mwaka 1996 kuhusu makosa ya dawa hospitalini: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake waliyasema.

Wiki ya 11

Njia B imesimamishwa. Kipimo kimesomwa na mtu wa fedha: imeishinda kanuni ya kawaida kwa pointi 1.2, kizingiti kikiwa 5. Timu ya B imeomba wiki 3 zaidi ikisema data ya miezi miwili ilikuwa chafu. Ni kweli ilikuwa chafu. Ombi limekataliwa kwa sababu "hakuna nyongeza" iliandikwa wakati hakuna aliyejua ni nani itamuumiza.

Kilichobaki mkononi: historia ya malipo iliyosafishwa, inayotumiwa sasa na njia A, na ile kanuni ya mstari mmoja, ambayo idara ya fedha imeanza kuitumia kwa kuwa sasa wanajua usahihi wake. Habari ya kusimamishwa imewekwa ukurasa wa kwanza wa ripoti ya bodi, pamoja na saa zilizotumika.

Sehemu ngumu imekuwa fomu ya tathmini ya wafanyakazi. Ilikuwa na kisanduku "malengo yaliyofikiwa", na kiongozi wa B angepata sifuri. Kwa kazi za majaribio kisanduku hicho kimebadilishwa na vinne: je, swali lilikuwa wazi, kizingiti kiliheshimiwa, jaribio liliisha kwa wakati na ndani ya saa zake, kumbukumbu zilizoachwa zinatumika? Amepata alama za juu kwenye vitatu, kumbukumbu zikamwangusha kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, husemwa sana kwenye hotuba. Lisipoingia kwenye fomu ya tathmini, mhunzi mwenye akili hatashika koleo jipya.

Wiki ya 12 hadi ya 14

Asilimia 20, kisha 50. Mwisho wa mwezi umepita mara moja, tofauti 3, zote zina maelezo.

Kadi mbili za mazishi zimetimia. Mkurugenzi wa fedha amehamishwa, na aliyemrithi ameomba ankara zitoke kwa sarafu mbili kwa pamoja. Ombi limo kwenye orodha ya baada ya wiki ya 16, na mlezi wa pili ndiye aliyemweleza utaratibu. Kisha likaja ombi la kuruka kutoka 50 hadi 100 wiki hiyohiyo, ili mwaka ufungwe na mfumo mmoja. Hati namba 7 imesomwa kikaoni kwa sauti, pamoja na sahihi ya mtangulizi wake. Kikao kimechukua dakika 12.

Wiki ya 15

Asilimia 100. Sasa wa zamani ndio uko kivulini: unakokotoa kila kitu bila kutuma. Utabaki hivyo kwa miisho 2 ya mwezi. Gharama ya seva ni mara mbili kwa kipindi hicho, na imeandikwa kwenye bajeti kama bima, kwa jina hilohilo, ili asitokee wa kuikata kama uvivu wa kuzima mashine.

Wiki ya 16

Maamuzi manne yasiyorudishika yalipofikia:

Namba za ankara hazikubadilishwa kabisa.

Data ya zamani haijafutwa. Iko katika hali ya kusomwa tu, na ufutaji utaamuliwa na kamati baada ya ukaguzi wa hesabu.

Mkataba wa seva umesainiwa kwa mwaka 1 badala ya 3. Bei kwa mwezi ni ya juu zaidi, ila kuna kifungu cha kuondoka na data katika muundo ulio wazi. Kifungu kimejaribiwa: kuihamisha nje data yote kumechukua saa 9, na majedwali 2 yalitoka bila tarehe. Mtoa huduma ameambiwa arekebishe, na malipo ya robo ya pili yamefungwa kwenye jaribio la marudio.

Wahandisi 2 wa mfumo wa zamani wanabaki kwenye zamu hadi kivuli kizimwe.

Yaliyo wazi: kosa la tarehe 28 Februari lililoigwa kwa makusudi (Hati namba 11, mhandisi wa tarehe), swichi 14 za uhamaji za kufutwa moja baada ya nyingine, kila moja na siku yake, zoezi la 4 la kurudi nyuma, Alhamisi, mwendeshaji akiwa mhandisi aliyeajiriwa wiki iliyopita.